Barua ya wazi kwa mabinti wa kikoba chetu kuhusu zawadi za mzazi na vifaa vya mtoto

Chumbageni, Tanga

Wanangu,

Jumapili iliyopita mlinisomea kutoka kwenye simu orodha ya vitu 23 mnavyotaka kumnunulia kila mwenzenu atakayejifungua mwaka huu, kisha mkaniuliza kama kuna kilichosahaulika. Nilinyamaza, na baadhi yenu mkadhani nimekubali. Sikukubali. Kikao kilikuwa kimechelewa, marejesho ya mikopo yalikuwa hayajahesabiwa, na jambo lenyewe lilitaka maneno mengi kuliko yale ambayo mzee anaweza kuyasema huku watu wakitafuta viatu vyao mlangoni. Ndiyo sababu ninaandika, na barua hii ninaiacha wazi ili waisome pia mama zenu, mawifi zenu na waume zenu, kwa kuwa wao ndio wanunuzi wa nusu ya vitu hivyo, hasa kile kigari cha kusukuma ambacho nasikia kimeshalipiwa nusu.

Nilifanya kazi ya ukunga kuanzia 1980 hadi nilipostaafu 2019, na katika miaka hiyo nimefungua mabegi ya kujifungulia ya kila namna, ya matajiri na ya wasio na kitu. Sidharau vitu vizuri. Kiatu cha mtoto mchanga ni kitu cha kuchekesha na kupendeza hata kama mwenyewe hatakikanyagia. Lakini shilingi 200,000 mlizokubaliana kumpa kila mzazi zimetoka kwenye vitumbua, kwenye cherehani na kwenye genge, na ningependa zimfikie mama na mwanawe badala ya kuishia nyuma ya mlango.

Nasema nyuma ya mlango kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Mwezi Machi nilikwenda kumjulia hali mzazi mmoja aliyekuwa na siku 11. Nyuma ya mlango wake palikuwa na kigari cha kusukuma, bado kimo ndani ya boksi, na juu ya boksi limewekwa beseni la vyombo kwa kuwa hapakuwa na pahali pengine pa kuliweka. Njia ya kwenda kwake ni mchanga mtupu, kisha mtaro usio na kifuniko, kisha ngazi tatu; kigari kile kingehitaji wanaume wawili wa kukibeba. Kitandani mtoto alikuwa amevishwa kofia ya sufu, glavu na soksi, saa saba mchana, na shingo yake imejaa harara. Mama yake hakuwa amekula kitu tangu chai ya asubuhi. Alikuwa na nepi nne tu za kitambaa, mbili zimelowekwa ndooni, moja mtoto ameivaa na moja imeanikwa dirishani, na hiyo ya dirishani aliinuka mara mbili tulipokuwa tukizungumza kwenda kuishika kama imekauka. Nami nilikuwa nimembebea nini? Poda na manukato ya mtoto. Niliviacha humo humo mkobani, nikavua baibui, nikaingia jikoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyafikiria maneno mawili ya wazee wetu wa pwani. Binti anapoozwa, pamoja na kilemba cha baba hutajwa mkaja na ubeleko wa mama. Mkaja ni nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Siku hizi vyote hulipwa kwa fedha taslimu na vijana wengi hawajui asili yake, lakini angalieni jambo hili: miaka 20 na zaidi baada ya mtoto kuzaliwa, watu wazima wanakaa mkekani kuhesabu gharama za ulezi, na wanachokumbuka kukilipia ni vitambaa viwili, kimoja cha kuusitiri mwili wa mama uliochoka na kingine cha kumweka mtoto karibu na mwili huo. Mkitaka kujua zawadi ianzie wapi, ianzie hapo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza katika orodha yenu kiwe doti mbili za kanga za pamba halisi. Kanga za nailoni zina rangi kali na bei ndogo, lakini hazinyonyi jasho wala mkojo. Zifueni mara mbili au tatu kabla ya kuzipeleka, maana kanga mpya ina wanga na ngozi ya mtoto mchanga haiutaki. Kama nyumbani kwenu kuna kanga kuukuu za bibi, zilizolainika mpaka maandishi yake hayasomeki, hizo zina thamani kuliko blanketi la dukani: humfunika mtoto, humfutia cheuo, hutandikwa, humkinga mama anaponyonyesha barabarani, na hutosha kuwa mbeleko. Juu ya mbeleko niseme moja tu, kwamba mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe kifuani, wima, kichwa kimeshikiliwa na uso unaonekana, kidevu kisizame kifuani pake. Mgongoni atakwenda shingo ikishakaza. Watoto njiti nao kwa kifua ndiko wanakopona: tangu 1978, madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, walipoanza kuwalaza watoto wadogo ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao kwa sababu mashine za joto hazikutosha, njia hiyo imeenea duniani kote, na inachotaka ni kitambaa na mwili wa mama, au wa baba.

Nepi ndizo zinazopungua katika kila nyumba ninayoingia. Mtoto mchanga huweza kuchafua kumi au zaidi kwa siku, na wakati wa masika nguo inaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka, kwa hiyo nepi 24 za kitambaa si anasa. Pampasi ziwepo kwa ajili ya safari na usiku, sizikatazi, ila katika wiki za mwanzo kitambaa kina faida ambayo pampasi inaificha: kinakuonyesha. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku nzima, usiku na mchana. Mama wa mara ya kwanza anayelia kwamba maziwa yake hayatoshi, mimi humwambia kwanza ahesabu nepi, na mara nyingi hesabu humfuta machozi. Nepi ifungwe chini ya kitovu ili kitovu kipate hewa na kikauke, na kitovuni pasipakwe kitu, si mafuta, si chumvi, si majivu, isipokuwa dawa aliyopewa na kliniki kwa kazi hiyo.

Zipigwe pasi pande zote mbili, pamoja na mishono. Watu hudhani pasi ni ya urembo. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa majanini, na mabuu yake huingia katika ngozi ya anayeivaa na kutokeza kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Kwa hiyo mwenye pasi ya mkaa anayepita kwa mzazi mara moja kwa wiki na kumnyooshea nguo za mtoto ametoa zawadi ambayo hakuna duka linaiuza.

Sasa nifike kwenye chupa za kunyonyeshea, ambazo katika orodha yenu mmeziandika sita, na hapa mniwie radhi kwa urefu. Mwaka 1983 nilipomzaa mwanangu wa kwanza, sabuni, sukari na vitambaa vilikuwa vya foleni, na maziwa ya kopo yalipatikana kwa kujuana. Shangazi yangu akaja kutoka Mombasa na chupa yenye picha ya sungura, pamoja na makopo mawili ya maziwa ya unga. Nilikuwa mkunga, nikiwafundisha wengine kunyonyesha kila asubuhi, lakini chupa ile ilinipendeza na nilijiona mtu wa kisasa. Makopo yalipokaribia kwisha nikaanza kupunguza vijiko ili yafike mwisho wa mwezi. Chuchu ya mpira nilikuwa ninaisuuza kwa maji ya moto ya chupa ya chai badala ya kuichemsha, kwa kuwa mkaa nao ulikuwa wa kuhesabu. Mwanangu akaharisha siku tatu, macho yakadidimia, tukalazwa. Mama yangu hakunigombeza hata neno moja. Alirudi nyumbani, akaichukua ile chupa, akaitia mafuta ya nazi ya kupaka nywele, na ikakaa juu ya kabati ikinitazama mpaka mtoto alipoanza shule.

Chupa ni chombo kigumu kusafisha, hasa penye maji ya kununua kwa ndoo. Mtoto hahitaji kingine zaidi ya maziwa ya mama kwa miezi 6 ya mwanzo, hata maji, hata katika joto letu. Kopo la maziwa si zawadi ya kumpelekea mtu kwa kukisia. Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni za kuzuia kuyatangaza maziwa hayo na kuwagawia kina mama sampuli za bure, na nchi yetu ina kanuni zake. Wapo wazazi ambao kwa ushauri wa daktari au kwa sababu zao hawanyonyeshi. Huyo mwulizeni faraghani anachohitaji, mkipate, na msimhoji. Na yule anayerudi kazini siku zake 84 za likizo zikiisha ana haki ya hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha, kwa sheria ya kazi ya 2004. Huyo ndiye wa kununuliwa pampu ya kukamulia, kama kukamua kwa mkono kunamshinda, pamoja na vikombe vyenye vifuniko. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji zaidi ya muda wa saa nne, na kwa joto la Januari hapa Tanga yawahi kabla ya hapo. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa subira. Hata mchanga anaweza, na kikombe kinaoshwa mpaka ndani.

Mito ya kutengeneza kichwa cha mtoto, ambayo naiona siku hizi imewekwa pamoja na shuka za maua, ifuteni kwenye orodha. Mtoto alale chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto, bila mdoli, bila blanketi zito usoni. Kichwa kitajitengeneza. Kuhusu kile chandarua kidogo cha mwavuli, kinafaa mchana kwa ajili ya nzi, lakini vingi havina dawa, na mbu wa malaria ni wa usiku. Mtoto alale ndani ya chandarua kikubwa chenye dawa pamoja na mama yake. Mama aliyepewa chandarua kliniki anacho tayari. Mnachoweza kumfanyia ni kukishona palipotoboka na kumkumbusha kwamba kikifuliwa kianikwe kivulini, maana jua huiua dawa.

Kigari cha kujifunzia kutembea, kile chenye magurudumu na muziki, msimpe mtu. Hakimfundishi mtoto kutembea, na kinampeleka mbio asikopaswa kufika: kwenye jiko la mkaa lililo chini, kwenye ndoo ya maji, kwenye ngazi. Canada imepiga marufuku kuviuza tangu 2004. Mkeka safi na mtu mzima aliyekaa karibu vinatosha. Kitanda cha mtoto, mwenye nafasi na anunue. Wenye gari wanunue kiti cha mtoto kinachofungwa siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma, na kisiwe cha mtumba, kwa kuwa hamtajua kama kimepata ajali. Nguo za mtumba, kwa upande mwingine, ninazipenda kuliko mpya, maana zimefuliwa mpaka zikalainika; chemsheni, anikeni juani, pigeni pasi, ng'oeni vifungo vinavyolegea.

Na katika nguo, acheni kununua saizi ya mtoto wa wiki moja. Kila mtu hununua hiyo kwa sababu ni ndogo na inaingia moyoni. Mtoto mwenye afya hufikia uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa akiwa na miezi mitano hivi, na nimeona nguo zikigawiwa zikiwa na karatasi zake za bei. Nunueni ya miezi 6 hadi 12. Pia angalieni mzazi anaishi wapi. Wa hapa mjini anahitaji fulana nyepesi za pamba; mwenzenu aliyeolewa Lushoto, atakayejifungua Julai, huyo ndiye wa kofia ya sufu na sweta, na mwambieni asiweke jiko la mkaa chumbani ili kumpa mtoto joto, kwa maana hewa yake huua watu usingizini bila kuwaamsha.

Mambo mengine nayasema kwa heshima, kwa kuwa yanatoka kwa bibi na shangazi ambao nia yao ni njema. Wanja usipakwe machoni wala kwenye nyusi za mtoto; aina nyingi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua. Shanga, uzi au hirizi visifungwe shingoni. Asali, hata ile safi ya kutoka Handeni, isimguse ulimini kabla hajatimiza mwaka. Ile bajeti ya poda na manukato nunulieni kipimajoto, ambacho ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga ndicho kifaa pekee ninachokiona cha lazima kutoka duka la dawa: katika miezi miwili ya mwanzo, joto likifika nyuzi 37.5 au zaidi, au likishuka chini ya 35.5, mtoto apelekwe kituo cha afya siku ile ile, bila kusubiri kukuche.

Nimesema ya mtoto. Sasa mama, ambaye katika vitu 23 hakupata hata kimoja. Anataka chupa ya chai ijae uji usiku, maana kiu ya anayenyonyesha humjia saa nane za usiku wakati hakuna wa kumwamsha. Anataka sabuni. Anataka nauli ya bajaji ya kumpeleka mtoto chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na safari ya kwanza kati ya hizo atapimwa na yeye. Anataka supu, au mtori kama ni wa Kilimanjaro, na anataka aletewe ndani ya hotipoti ambayo mletaji hatasubiri irudishwe imeoshwa. Mgeni anayekuja kutazama mtoto, akakaa saa mbili, akanywa soda iliyonunuliwa kwa ajili yake na kuondoka akiwa amempiga mtoto picha, huyo amechukua zawadi badala ya kuitoa. Na wenye mafua wabaki kwao, hata wakiwa mama wakwe.

Katika kikoba mko 21. Ukimtoa mzazi mwenyewe mnabaki 20, na kila mmoja akichukua siku mbili, arobaini imekwisha. Siku yako ikifika, unapeleka chakula cha mchana, unafua nepi, unajaza ndoo, unamshika mtoto kwa saa moja mama alale, unaondoka. Waume zenu wenye ajira wana siku tatu za likizo ya uzazi kwa sheria hiyo hiyo ya 2004, ikiwa watazichukua ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Siku tatu hazitoshi, lakini wanaoziomba ni wachache mno, na wengine huzitumia kupokea pongezi barazani.

Fedha nazo msizitoe zote siku moja. Napendekeza shilingi 100,000 zinunue doti za kanga, nepi na kipimajoto kabla ya kujifungua, vipelekwe vikiwa vimeshafuliwa na kupigwa pasi. Shilingi 50,000 ziwe za nauli, sabuni na kitoweo ndani ya arobaini. Zilizobaki 50,000 zikae kwa mweka hazina mpaka mtoto afikishe miezi 6, kwa sababu zawadi zote hurundikana wiki ya kwanza, na mwezi wa sita, ambapo mtoto anaanza kula na mama anahitaji unga wa lishe, mayai, dagaa, bakuli na kijiko cha mtoto, hakuna anayebisha hodi. Bisheni ninyi.

Wa kwanza ni yule wa nyumba ya kona, ambaye tarehe yake ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Mweka hazina anipitie Jumamosi saa mbili asubuhi twende naye Ngamiani, na aje na mfuko mkubwa. Zile pesa mlizotanguliza kwa ajili ya kigari, mwenye duka nitazungumza naye mimi. Ananifahamu, wanawe wote watatu nimewapokea.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu